Neva ya msuli mdogo ulio chini ya mtulinga: mwongozo kamili wa kuifuata kutoka shingoni hadi mwisho wake

Siku tuliyofungua shingo kwa mara ya kwanza kwenye chumba cha anatomia, tuliyatoa mafuta yote yaliyokuwa juu ya mtulinga tukayaweka kwenye sinia. Mashina makubwa ya neva yalibaki yanang'aa, na sisi tulijiona tumefanya kazi safi. Mwalimu alipita, akainama, akatazama kwa muda, kisha akauliza, "Neva ya subklaviusi mmeiweka wapi?" Tukatazamana. Akachukua kibano, akapekua yale mafuta kwenye sinia taratibu, akainua uzi mweupe usiofikia urefu wa kidole. Ulikuwa umekatika ncha zote mbili.

Uzi ule ndio ninaouandikia mwongozo huu. Vitabu vingi huupa mstari mmoja kwenye jedwali: C5 na C6, shina la juu, unahudumia msuli wa subklaviusi. (C5 na C6 ni neva ya tano na ya sita za shingo.) Mstari huo ni sahihi, na mwanafunzi anaweza kuukariri akafaulu mtihani. Tatizo ni kwamba jedwali halikuonyeshi njia, na thamani ya neva hii imo kwenye njia yake. Mahali inapochipukia panakusaidia kujua jeraha la shingo limefika wapi. Na kwa baadhi ya watu, ndani ya uzi huo mwembamba mna nyuzi zinazokwenda kusaidia kupumua. Ukiijua njia, hayo yote utayafikia mwenyewe bila kukariri.

Hatua ya 1: Anza na msuli wenyewe

Jina subklaviusi ni la Kilatini, maana yake "wa chini ya mtulinga". Mtulinga wenyewe Walatini waliuita klavikula, ufunguo mdogo. Kwa hiyo jina la msuli limekwisha kukwambia ulipo.

Ni msuli mdogo, mwembamba, umbo lake kama pia iliyolazwa: upande mmoja kano, upande wa pili nyama inayotanuka. Kano linaanzia kwenye ubavu wa kwanza, pale mfupa unapokutana na gegedu lake, karibu na kidari. Kutoka hapo nyama inapanda kwa mshazari kuelekea nje na kujishika kwenye mfereji ulio upande wa chini wa mtulinga, sehemu ya katikati. Ukipata mtulinga mkavu, ugeuze juu chini upitishe kidole gumba: mfereji huo utausikia.

Kazi yake ni kuuvuta mtulinga chini na mbele kidogo, na hasa kuushikilia usiyumbe kwenye kiungo chake na kidari wakati bega linapofanya kazi. Ni kazi ya mlinzi zaidi kuliko ya mbeba mzigo, maana hapo kuna kano imara zinazofanya kazi hiyo hiyo, na ndiyo sababu mtu anaweza kuupoteza msuli huu asitambue. Lakini angalia ulipolala: nyuma yake na chini yake inapita mishipa mikubwa ya damu ya mkono pamoja na mtandao wa neva za mkono. Mtulinga ukivunjika katikati, na hapo ndipo unapovunjika mara nyingi, nyama hii huwa kama mto kati ya ncha kali za mfupa na mishipa hiyo.

Huwezi kuugusa moja kwa moja. Mbele yake kuna msuli mkuu wa kifua, na wenyewe umevikwa utando unaojigawa mara mbili na kuuzunguka kama ala ya kisu. Kumbuka utando huo, tutaurudia.

Hatua ya 2: Tafuta njia kwenye shingo yako mwenyewe

Simama mbele ya kioo, kifua na shingo vikiwa wazi. Weka kidole kwenye kishimo kilicho juu ya kidari, katikati. Sogea pembeni utakutana na kichwa cha mtulinga, kinene, kimetokeza. Fuata mfupa wote hadi begani. Utausikia unapinda mbele kwanza, kisha unarudi nyuma.

Sasa geuza uso upande wa kushoto. Upande wa kulia wa shingo utatokeza msuli mnene unaoshuka kutoka nyuma ya sikio hadi kidari na mtulinga. Huo ni sternokleidomastoidi. Weka ncha ya kidole nyuma ya ukingo wake wa nyuma, sentimita 2 hadi 3 juu ya mtulinga. Hapo ndipo panapoitwa pointi ya Erb, kwa jina la daktari Mjerumani Wilhelm Erb. Chini ya kidole chako, kwa kina, neva ya C5 na ya C6 zinakutana kuwa shina moja. Ukitaka kuhakikisha kimo, tafuta gegedu la krikoidi, ile pete iliyo chini ya kifundo cha koo. Iko usawa wa pingili ya sita ya shingo, na shina hilo linaundika karibu na usawa huo.

Bonyeza kwa upole tu, upande mmoja kwa wakati, wala usisogee mbele kwenye mapigo ya ateri kubwa ya shingo. Watu wengine wakibonyezwa kwenye pointi ya Erb husikia mchomo unaoshuka begani. Hiyo ni neva inajibu, na inatosha kukuhakikishia kwamba kidole kipo mahali pake.

Kutoka chini ya kidole hicho, neva yetu inashuka karibu wima, inapita nyuma ya mtulinga, inaingia kwenye msuli. Safari yote haizidi sentimita chache. Iweke picha hiyo akilini kabla ya kufungua kitabu chochote.

Hatua ya 3: Chora mti

Wanafunzi huuogopa mtandao wa neva za mkono, pleksasi ya brakia, kwa sababu huuanza kama orodha ya majina. Kwa Kiswahili tuna bahati, maana majina ya sehemu zake yanakuja kama mti yenyewe: mizizi, mashina, migawanyiko, kamba, matawi. Huna haja ya kutunga sentensi ya kukumbukia.

Chukua karatasi, uilaze kwa upana. Upande mmoja andika kutoka juu kwenda chini: C5, C6, C7, C8, T1. Hiyo ni mizizi mitano (T1 ni neva ya kwanza ya kifua). Unganisha C5 na C6 upate shina la juu. C7 iache iende peke yake, ndiyo shina la kati. C8 na T1 ziunganishe, shina la chini. Kila shina ligawe mara mbili, mbele na nyuma, upate migawanyiko 6. Migawanyiko yote ya nyuma inaungana kuwa kamba ya nyuma. Ya mbele kutoka shina la juu na la kati inakuwa kamba ya nje. Ya mbele kutoka shina la chini inaendelea kuwa kamba ya ndani. Kutoka kamba hizo yanatoka matawi makuu 5 ya mkono.

Sasa rudi kwenye shina la juu, uchore kwa uangalifu, maana hapa ndipo penye somo letu. C5 na C6 zinakutana kama herufi Y iliyolazwa. Mara tu baada ya kukutana, shina linatoa vitawi viwili. Kimoja ni kinene na kinaelekea nje na nyuma: hiyo ni neva ya supraskapula, inayokwenda kwenye misuli ya mgongoni mwa kombe la mkono. Cha pili ni chembamba sana, kinatoka upande wa mbele na kushuka: hiyo ndiyo neva ya subklaviusi.

Kisha angalia mashina yaliyobaki. Shina la kati halitoi tawi lolote. La chini pia halitoi. Migawanyiko yote 6 haitoi kitu. Kati ya mizizi na kamba, katika eneo lote hilo, ni vitawi viwili tu vinavyochipuka, na vyote vinatoka shina la juu. Chora duara kuzunguka sehemu hiyo kwa kalamu nyekundu. Ukishaona jinsi pengine palivyo patupu, hutasahau tena neva hii inatoka wapi.

Hatua ya 4: Ifuate kutoka uti wa mgongo hadi mwisho

Isome hatua hii kwa sauti, kidole kikiwa kwenye mchoro.

Nyuzi zinatoka kwenye ugwe wa mgongo katika usawa wa C5 na C6. Neva ya C5 inatoka juu ya pingili ya tano, na C6 juu ya pingili ya sita. (Neva za shingo hutoka juu ya pingili zenye namba zao, isipokuwa C8 ambayo haina pingili yake na hutoka chini ya ya saba. Jambo hili huwapotosha wengi.) Mara nyingi C4 nayo inachangia nyuzi kidogo. Ukikuta kitabu kimoja kimeandika C5 na C6, na kingine kimeandika C4 hadi C6, usidhani kimojawapo kimekosea. Nyuzi nyingi ni za C5.

Mizizi inapita katikati ya misuli miwili ya ubavuni mwa shingo, skaleni ya mbele na skaleni ya kati, kama watu wanaopita kati ya kuta mbili. Inapotokeza nje ya kuta hizo, C5 na C6 zinaungana, na neva yetu inachipuka.

Inashuka mbele ya mashina ya pleksasi. Inapita mbele ya ateri ya subklavia, mshipa mkubwa unaopeleka damu mkononi, ile sehemu yake ya tatu iliyokwisha kutoka nyuma ya skaleni ya mbele. Inapita juu ya vena ya subklavia, mshipa unaorudisha damu hiyo. Kisha inajificha nyuma ya mtulinga na kuingia kwenye msuli kwa upande wa nyuma.

Hapo ndipo ule utando wa hatua ya 1 unapohusika. Neva ya subklaviusi inatoka juu na nyuma, kwa hiyo inaufikia msuli bila kutoboa utando kuja mbele ya kifua. Neva ya nje ya kifua, inayokwenda kwenye msuli mkuu wa kifua, yenyewe inautoboa utando huo chini ya subklaviusi na kutokea mbele. Wanafunzi wakiiona hiyo ikipita karibu sana na msuli wetu huidhania ndiyo neva yake. Siyo. Hiyo inatoka kamba ya nje, na msuli wetu inaupita tu.

Jambo moja zaidi: neva hii haina eneo la ngozi. Inabeba amri za kukaza msuli na taarifa za msuli kurudi kwenye ubongo, basi. Mgonjwa aliyeipoteza hatakuja kulalamika kwamba sehemu fulani imekufa ganzi.

Hatua ya 5: Itafute kwenye mwili wa mafunzo

Kosa letu la siku ile lilikuwa kuyachukulia mafuta kama uchafu. Eneo la juu ya mtulinga limejaa mafuta na tezi za limfu, na neva hii imelala humo humo. Rangi yake haitofautiani sana na nyuzi za utando. Kwa hiyo usikate, chambua. Ingiza ncha za makasi zikiwa zimefungwa, kisha zifungue, kwa kufuata mwelekeo wa neva, yaani juu kwenda chini. Ukifungua kwa kukingama utaikata.

Ondoa ngozi na ule msuli mwembamba kama karatasi ulio chini yake. Utakutana na neva kadhaa zinazoshuka juu ya mtulinga kwenda kwenye ngozi ya kifua na bega. Hizo ni za C3 na C4, ni za ngozi, zisogeze kando bila kuzikata. Ukate msuli wa sternokleidomastoidi kwenye mtulinga tu, uukunje juu. Sogeza pia msuli wa omohioidi, kamba nyembamba inayokatisha eneo hili.

Sasa tafuta skaleni ya mbele. Alama yake ni neva ya freniki, ile ya msuli wa kupumua, inayoshuka juu ya uso wake kutoka nje kwenda ndani. Hakuna neva nyingine kubwa inayolala hivyo juu ya msuli huo. Ukiwa upande wa kushoto, kuwa mwangalifu chini kabisa, karibu na pembe ya vena mbili kubwa, maana mfereji mkuu wa limfu unamwaga hapo na ni rahisi kuuchana.

Ukishaipata skaleni, tazama ukingo wake wa nje. Mashina ya pleksasi yanatokea hapo. La juu kabisa lifuate kurudi nyuma hadi uone C5 na C6 zikikutana. Usiendelee mbele kabla hujaiona ile Y. Tafuta kwanza neva ya supraskapula, kwa kuwa ni nene na haikosekani: inaondoka ukingo wa nje wa shina na kwenda nyuma. Baada ya kuipata, rudi kwenye shina usawa huo huo, na sasa tazama uso wa mbele na wa ndani. Uzi mwembamba unaoshuka hapo ndio wenyewe. Unene wake ni kama wa uzi wa kushonea.

Uinue kwa ncha ya kibano, usiuvute. Ufuate chini kidogo kidogo. Utakatishwa na ateri mbili nyembamba zinazopita kwa upana juu ya pleksasi. Fungua mafuta juu na chini yake, uziache mahali pake. Neva itapotea nyuma ya mtulinga.

Sasa, msumeno. Wengi hukata mtulinga mapema ili wapate nafasi, na meno ya msumeno yakipita chini ya mfupa yanachana msuli na neva kwa pamoja. Ushauri wangu ni usiuguse mfupa mpaka neva imeonekana kutoka juu na umeifungia uzi wa rangi. Baada ya hapo bandua msuli kutoka kwenye mfupa kwa mpini wa kisu, siyo kwa makali, ukae pamoja na ubavu wa kwanza, ndipo ukate mtulinga. Ukiuinua mfupa, utaona msuli umelala, na uzi wako ukiingia mgongoni mwake. Ukifika hapo, mpe kila mwenzako wa meza zamu ya kuangalia kabla hamjaendelea.

Hatua ya 6: Tafuta kijitawi kinachokwenda kwenye freniki

Hatua hii ndiyo inayonifanya niitetee neva hii kila ninapopata nafasi.

Diaframu, msuli mkuu wa kupumua, inahudumiwa na neva ya freniki yenye nyuzi za C3, C4 na C5. Kwa watu wengi nyuzi za C5 zinajiunga na freniki mapema, juu shingoni. Lakini si kwa kila mtu. Kwa baadhi, sehemu ya nyuzi hizo za C5 hazichukui njia hiyo. Zinaingia kwenye shina la juu, zinateremka ndani ya neva ya subklaviusi, kisha zinaachana nayo njiani na kuelekea ndani, kuifuata freniki. Kijitawi hicho kinaitwa freniki ya ziada. Kinalala upande wa nje wa freniki yenyewe, kinapita nyuma ya vena ya subklavia au mara nyingine mbele yake, na kuungana na freniki karibu na ubavu wa kwanza, au chini zaidi ndani ya kifua.

Kitafute hivi: ukishaifuata neva ya subklaviusi nusu ya njia, chunguza upande wake wa ndani kabla ya kusafisha. Kijitawi chochote kinachotoka hapo kuelekea freniki kiache. Chora kilipotoka na kilipoishia. Kumbuka pia kwamba freniki ya ziada huweza kutoka kwingine, kwa mfano moja kwa moja kwenye mzizi wa C5, kwa hiyo kuikosa hapa hakumaanishi mtu huyo hanayo.

Umuhimu wake ulionekana wazi mwanzoni mwa karne ya 20. Kabla ya dawa za kifua kikuu kupatikana (streptomisini iligunduliwa mwaka 1943), madaktari wa upasuaji waliikata au kuiponda neva ya freniki shingoni kwa makusudi. Nia ilikuwa kupooza nusu ya diaframu ili pafu lililougua lisinyae na kupumzika. Kwa baadhi ya wagonjwa neva ilikatwa sawasawa, na diaframu ikaendelea kusogea. Amri zilikuwa zinapita njia ya pembeni na kuingia kwenye freniki chini ya pale ilipokatwa. Ndiyo maana wengine wakaanza kuing'oa sehemu ndefu ya freniki badala ya kuikata tu, ili waondoe na vile vijitawi vinavyojiunga chini.

Leo tunalikuta jambo hilo kwa sura nyingine. Mgonjwa anayechomwa sindano ya ganzi ubavuni mwa shingo kwa ajili ya upasuaji wa bega mara nyingi hupooza nusu ya diaframu kwa saa kadhaa, kwa kuwa dawa inasambaa hadi kwenye freniki na mizizi yake. Kwa mtu mwenye mapafu mazima huenda asihisi kitu. Kwa mwenye ugonjwa mkubwa wa mapafu inaweza kuwa hatari. Na nyuzi zinazopita kwenye neva ya subklaviusi ziko mbele ya pleksasi, mahali hasa ambapo dawa hiyo inamwagwa. Muulize mgonjwa kuhusu pumzi yake kabla ya sindano, siyo baada.

Majina yanayogongana

Pitia haya mara moja, kisha uendelee. Subklaviusi ni msuli wa chini ya mtulinga. Subskapularisi ni msuli mwingine kabisa, mkubwa, ulio mbele ya kombe la mkono, na neva zake zinatoka kamba ya nyuma. Neva za supraklavikula ni zile za ngozi zinazoshuka juu ya mtulinga, C3 na C4. Neva ya supraskapula ni jirani ya neva yetu kwenye shina la juu. Kwenye mtihani, herufi chache zinabadilisha jibu zima.

Hatua ya 7: Itumie kitandani kwa mgonjwa

Hakuna kipimo cha mkono cha subklaviusi. Huwezi kumwambia mgonjwa afanye tendo ambalo msuli huu peke yake unalifanya. Kuuchoma sindano ya kupima umeme wa misuli nako ni hatari, kwa sababu vena, ateri na utando wa pafu viko hapo hapo. Kwa hiyo hali ya neva hii unaikisia kwa kuwapima majirani zake.

Tuseme kijana ameanguka kutoka kwenye pikipiki, bega limepiga chini na kichwa kimevutwa upande wa pili. Mkono unaning'inia kando ya mwili, umegeukia ndani, kiwiko kimenyooka, kiganja kinatazama nyuma. Hali hii daktari Mfaransa Duchenne aliieleza mwaka 1872 na Erb mwaka 1874, na huonekana pia kwa vichanga ambao bega lilikwama wakati wa kuzaliwa. Unajua C5 na C6 zimeumia. Swali ni wapi: kwenye mizizi, kwenye shina, au mbele zaidi?

Anza nyuma kabisa. Mwambie aweke mkono kiunoni na kusukuma kiwiko nyuma dhidi ya kiganja chako, huku ukigusa misuli iliyo kati ya kombe la mkono na uti wa mgongo. Hiyo ni romboidi, na neva yake inatoka kwenye mzizi wa C5, kabla ya shina. Kisha asukume ukuta, utazame kama kombe linabinuka kama bawa. Hiyo ni seratasi ya mbele, ambayo neva yake inatoka kwenye mizizi ya C5 hadi C7. Hawa wawili wakifanya kazi vizuri, mizizi kwa karibu na uti wa mgongo huenda imepona.

Sogea kwenye shina. Kiwiko kikunjwe pembe mraba na kibanwe ubavuni, agizo ni kugeuza mkono wa mbele uende nje dhidi ya kani yako. Kisha ajaribu kuanza kuinua mkono kutoka ubavuni. Matendo haya yanategemea neva ya supraskapula. Ikiwa dhaifu, jeraha liko kwenye shina la juu au nyuma yake, na hapo ndipo neva ya subklaviusi nayo inachipuka. Chukulia kwamba imeumia pamoja na jirani yake.

Malizia na deltoidi, msuli wa begani, na bisepsi, msuli wa mbele ya mkono wa juu. Zikiwa dhaifu huku supraskapula iko imara, jeraha limepita vile vitawi viwili, liko mbele zaidi.

Usiishie mkononi. Tazama kifua akivuta pumzi, linganisha pande mbili, na picha ya kifua ikipatikana angalia kimo cha diaframu. Diaframu iliyopanda upande wa jeraha huashiria kwamba uharibifu umefika juu kwenye mizizi, labda mzizi umeng'oka kabisa kwenye uti wa mgongo, na hilo hubadilisha mpango wa upasuaji. Lakini baada ya hatua ya 6 unajua kwamba nyuzi za C5 za diaframu zinaweza kupitia kwenye shina la juu. Usihukumu kwa dalili moja. Iweke pamoja na romboidi na seratasi, ndipo uandike. Kwa kichanga hili ni la haraka zaidi, maana mtoto mchanga anategemea diaframu kupumua kuliko mtu mzima. Mwenye mkono uliolegea na pumzi za haraka achunguzwe diaframu siku hiyo hiyo.

Hatua ya 8: Msuli unapokuwa tatizo wenyewe

Vena ya subklavia inapita kwenye upenyo mwembamba kati ya ubavu wa kwanza chini, na mtulinga pamoja na subklaviusi juu. Kwa watu wanaoinua mikono juu ya kichwa mara kwa mara kwa nguvu, msuli ukinenepa huweza kuibana vena hiyo hadi damu igande ndani yake. Mkono unavimba ghafla, unakuwa na rangi ya bluu, vena zinatokeza begani na kifuani. Ugonjwa huu unaitwa kwa majina ya madaktari James Paget na Leopold von Schrötter. Huyo ni mgonjwa wa kufika hospitali leo, siyo wiki ijayo. Kwenye upasuaji wake, ubavu wa kwanza huondolewa na subklaviusi hukatwa, na mgonjwa huendelea kulitumia bega lake.

Kuna pia watu wachache wenye msuli wa ziada, subklaviusi ya nyuma, unaoanzia karibu na gegedu la ubavu wa kwanza na kwenda kujishika kwenye ukingo wa juu wa kombe la mkono, ukikatisha juu ya pleksasi. Ukiukuta, tafuta neva yake kabla ya kusafisha: huweza kuwa kijitawi cha neva ya subklaviusi au cha ile ya supraskapula.

Kabla ya kufunika mwili jioni hiyo, rudi kwenye ule uzi wa rangi ulioufunga. Hakikisha ncha ya juu bado imeshika shina na ncha ya chini imeingia msulini. Kama una kijitawi cha freniki, kifungie uzi wa rangi nyingine, loweka pamba kwa dawa ya kuhifadhia uiweke juu yake, na kesho waite wa meza ya jirani waje waone.